Beti Kumi na Mbili za Mahame

Siku moja ninayoikumbuka pasipo kutaka, mwanangu, ni ile niliyokaa kwenye kizingiti cha nyumba yangu ya ualimu nikiwa na daftari mapajani, penseli sikioni na kipande cha kandambili mkononi. Kipande hicho ndicho kilichokuwa kifutio changu. Miaka hiyo vifutio havikuwapo dukani, kama vile ambavyo hapakuwa na sabuni, wala chumvi, wala nguo ya kumsitiri mtu mzima. Kwa hiyo kandambili ilipokatika tuliigawa vipande, tukawapa watoto wafutie makosa yao. Siku hiyo nilifuta kitu ambacho hakikuwa kosa. Nimeishi na kazi ile ya asubuhi moja kwa miaka mingi kuliko niliyokuwa nayo nilipoifanya, nami nimechoka kuibeba peke yangu. Shika upande mmoja.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa mwalimu wa UPE, mmoja wa wale waliotolewa darasa la saba wakajifunza kufundisha huku wanafundisha, na kwa kuwa masista wa Nyegina walinizoesha kusoma kila karatasi iliyopita mbele yangu, nilijiona nimeelimika. Kijiji chetu kilikuwa kipya. Nyumba zilipangwa mistari kando ya barabara ya kwenda Bunda, mwendo wa asubuhi moja kutoka Butiama, na sote tuliletwa hapo kwa amri, wengine wakitii wenyewe na wengine wakiangalia nyuma moshi wa mapaa yao. Mimi nililetwa nikiwa mtoto wa miaka minane. Mama yangu alikuwa amekwisha kufa.

Kijijini palikuwa na kikundi cha ngoma, na kiongozi wake alikuwa Mzee Magesa, mdogo wake babu mzaa baba. Kwa hiyo alikuwa babu yangu, na kwa utani wa babu na mjukuu aliniita mke wangu tangu nilipoanza kutembea. Alipiga litungu, zeze letu la nyuzi nane, ambalo mpigaji huliweka chini kati ya miguu yake kama mtu anayekanda mguu wa mgonjwa. Na wimbo wake mkubwa, ambao watu walisafiri kuufuata, ulikuwa wimbo wa mahame.

Nikueleze wimbo huo ulikuwa nini, maana ninyi mmezoea wimbo kuwa kitu cha kuchezea. Hame ni pale watu walipokaa wakapaacha. Ukoo wetu ulikuwa umehama mara nyingi, kwa ukame, kwa mbung'o, kwa wezi wa ng'ombe, na mwisho kwa amri ile ya barabarani. Kila hame lilikuwa na ubeti wake. Ubeti ulitaja nani aliwasha moto wa kwanza mahali pale, kisha ukamshika msikilizaji mkono: kutoka kijitoni, upande wa jua linapochomoza, jiwe lililoegemea jingine, mti wa mnyaa uliopasuka, na chini yake nani amelala. Ni kweli kila mtu mzima alijua alipohamishwa yeye mwenyewe. Lakini nani alijua alipotoka babu yake? Wimbo ulijua. Sisi hatukuwa na ramani wala vyeti. Tulikuwa na mzee mmoja na nyuzi nane.

Na ilikuwako desturi moja zaidi. Mtu wetu akifia mbali na boma lake, na maiti isiweze kurudishwa, mwimbaji alimtungia ubeti na kuuongeza mwishoni. Kwa ubeti huo aliyekufa alihesabiwa kuwa amerudi nyumbani. Mama yangu alifia kambi ya ng'ombe mwaka wa ukame, katika bonde liitwalo Nyamakore, mbali sana upande wa mashariki. Waliokuwapo kumzika walikuwa baba yangu, Mzee Magesa na wachungaji wawili. Ubeti wa kumi na mbili, wa mwisho, ulikuwa wa mama yangu. Nimeusikia utoto wangu wote kama mtu anavyosikia mvua juu ya paa: anajua inanyesha, hahesabu matone.

Sasa, kikundi kilialikwa kwenda kushindana Musoma, na kwa kushindana kilihitajika kibali, na kwa kibali yalihitajika maneno ya wimbo yaandikwe kwa Kiswahili. Kazi hiyo nilipewa mimi. Babu alinitajia beti zote kumi na mbili kwa lugha yetu, nami nikaziandika kwa penseli, nikitafsiri nilichokielewa na kukisia nisichokielewa, kwa sababu maneno yake mengi yalikuwa ya zamani kuliko masikio yangu. Nikapeleka daftari kwa Bwana Utamaduni, afisa mwenye kutoa vibali, kijana mwenye suruali iliyopigwa pasi katika mwaka ambao sisi hatukuwa hata na mkaa wa kutosha kupikia.

Alisoma kurasa mbili, akaniangalia.

“Mwalimu, wewe ni msomi. Hebu niambie, huu ni wimbo au ni orodha ya vichaka?”

“Ni wimbo wa mahame, ndugu.”

“Mahame.” Akalifunga daftari. “Watu wamepewa shule, wamepewa zahanati, ninyi mnaimba mlikotolewa. Mnataka kurudi?”

“Hapana, ndugu. Ni kumbukumbu ya makaburi tu.”

“Basi kaimbieni makaburini. Musoma uje wimbo unaoeleweka, usiokuwa na jina la kichaka hata kimoja. La sivyo kibali hakuna, na huyo mzee nitamwita hapa, yeye na chombo chake. Chombo kinaweza kukaa stoo. Yeye sijui atakaa wapi.”

Akaangalia gauni langu, lililokuwa na viraka vya rangi tatu, na sauti yake ikalainika kwa namna iliyonitia aibu zaidi ya vitisho vyake.

“Vikundi vitakavyopita vitapewa doti, mwalimu. Kanga. Mpya.”

Ewe mwanangu, usimcheke mtu wa dhiki mpaka uvae alichovaa. Mwaka ule wanawake wa kijiji chetu walikuwa wakipokezana kitenge kimoja cha kwenda kanisani; aliyekwenda misa ya kwanza alirudi mbio ili wa misa ya pili apate kukivaa. Nilijiambia ninawatetea hao. Nilijiambia ninamwokoa babu na litungu lake. Yote mawili yalikuwa kweli, na ndiyo sababu nimechelewa sana kukiri la tatu: nilipenda kuona kama ningeweza kutunga wimbo mzuri kuliko wa mzee asiyejua kusoma.

Daftari lilikuwa moja tu, na jingine halikupatikana. Kwa hiyo nilikaa kizingitini na kipande changu cha kandambili, nikafuta. Nilifuta hame moja baada ya jingine, na juu ya kila ubeti nilioufuta nikaandika ubeti wangu, wa kilimo, wa umoja, wa barabara. Nilipofika ubeti wa kumi na mbili nilijua ni wa nani. Sitakudanganya kwamba sikujua. Nilisita kidogo, kisha nikasugua kwa nguvu zaidi kuliko nilivyosugua mingine, mpaka karatasi ikatoboka.

Jioni nilimkuta babu uani kwake akipaka nyuzi mafuta ya ng'ombe. Alikuwapo pia Nyamisi, mama wa makamo aliyekuwa mwongoza wachezaji wetu, mwanamke wa maneno.

“Mke wangu kaja na barua?” babu aliuliza.

Nikawasomea. Nilisoma vizuri, kwa mapumziko, kama nilivyofundishwa. Babu alisikiliza hadi mwisho kichwa kikiwa kimeinama.

“Kiswahili kizuri,” akasema. “Kimepigwa pasi. Sasa beti ziko wapi?”

“Ndizo hizo, babu.”

“Hizo nimesikia. Kilimo, barabara. Mimi nauliza zile zinazokuwaga na watu.”

Nikamweleza ya Bwana Utamaduni, ya kibali, ya stoo. Nikamweleza ya doti. Hakuonekana kushangazwa na lolote kati ya hayo.

“Na mama yako? Umemweka wapi?”

Swali hilo nilikuwa nimelitayarishia jibu njiani. “Mama yuko moyoni, babu.”

“Moyoni.” Akaifuta mikono yake mapajani. “Kaburi la moyoni halifyekwi majani, mjukuu wangu. Litaota pori, na wewe utafikiri umelitunza.”

Nyamisi akadakia. “Mwache mtoto wa watu, mzee! Wewe una shuka lako. Mimi nikiinama kupalilia, watoto wanakimbia wanaita mama zao. Hao waliolala huko nao walikuwaga na haya. Hawatapenda niwataje uwanjani makalio yakiwa nje.”

Babu alicheka, ingawa hakutaka. Kisha akarudi kupaka nyuzi zake mafuta. “Sawa,” akasema mwishowe. “Mdomo utaimba ya mwalimu. Vidole ni vyangu.”

Umesikia alivyoniita? Tangu jioni ile hakuniita tena mke wangu. Aliniita mwalimu, kwa heshima zote, mpaka alipokufa. Yapo makofi yasiyopigwa kwa mkono.

Tukaenda Musoma. Uwanja ulijaa, upepo wa ziwa ukatimua vumbi, na kikundi chetu kikaimba beti zangu, moja baada ya nyingine, kwa Kiswahili kilichonyooka. Lakini baada ya kila ubeti babu aliwanyamazisha waimbaji kwa kichwa, akapiga litungu peke yake kwa muda wa pumzi tano au sita. Sikuwa nimepanga hivyo. Nyuzi za litungu, mwanangu, hupanda na kushuka kama lugha yetu inavyopanda na kushuka. Mtu aliyekuwa akiyajua maneno aliyasikia katika nyuzi kana kwamba yametamkwa. Pumziko la kwanza, mzee mmoja wa kikundi, mwenye wafu wake katika ubeti huo, alisogea hatua moja mbele, akainamisha kichwa, akarudi. Pumziko la pili, alisogea mwanamke mmoja. La nne alisogea Nyamisi, yeye mwenye mizaha, na machozi yalikuwa yakimtiririka usoni na miguu haikosi mpigo hata mmoja.

“Mzee anapamba vizuri,” Bwana Utamaduni aliniambia, akipiga makofi. Alikuwa amesimama karibu nami kabisa.

Pumziko la kumi na mbili lilipofika, hakuna aliyesogea. Babu alipiga, akarudia. Kisha akainua macho akanitazama mimi niliyesimama pembeni na daftari kifuani. Nafasi ile ilikuwa yangu. Nami niliogopa macho ya Bwana Utamaduni kando yangu, nikatazama viatu vyangu mpaka nyuzi ziliponyamaza.

Tulipita. Tukapewa doti, kanga za kijani zenye maua meupe, na Nyamisi akaifunga yake papo hapo juu ya matambara yake, akazunguka kama bibi harusi. Tulipokuwa tukisubiri lori la kuturudisha, babu alikuja akasimama karibu yangu.

“Uliona, mwalimu?”

“Niliona, babu.”

“Basi palizi likiisha njoo nyumbani. Siku kumi na mbili, kila siku ubeti mmoja, na wewe uandike. Mimi nimepiga nyuzi, lakini nyuzi ni kivuli tu. Mwili ukiondoka, kivuli kitabaki wapi?”

Nikasema nitakuja. Palizi liliisha. Ikaja barua ya uhamisho wa kwenda kufundisha Bunda mjini, nami nikaipokea kama mtu aliyefunguliwa mlango. Mwaka uliofuata niliolewa, na uliofuata nikajifungua, na kila likizo nilikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa nzuri. Uvivu, mwanangu, haukosi vyeti. Babu alikufa wakati wa masika. Nilikwenda kumzika nikiwa nimevaa ile kanga ya kijani, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa nguo yangu nzuri. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Nilisimama kaburini kwake na doti nzima mwilini, nikajiona uchi.

Wimbo wangu ulistawi. Walimu wenzangu waliunakili, shule zikaufundisha, na watoto wakaukuza kwa kupiga makofi palipokuwa na nyuzi. Mapumziko ya babu yalionekana kuwa marefu, yakakatwa. Sikumzuia mtu.

Kisha dunia ikageuka, kama mnavyoijua ninyi. Maduka yakajaa. Siku moja nilipita soko la Bunda nikaona nguo za mitumba zimemwagwa chini juu ya turubai, lundo refu kunipita, watu wanazikanyaga wakichagua. Mchuuzi alikuwa akizipigia kelele kama mtu anayefukuza kunguru. Nilisimama pale muda mrefu. Wenzangu walidhani natafuta gauni. Nilikuwa natazama kile ambacho kwa ajili yake nilimtoa mama yangu, kimetupwa chini, na hakuna anayekigombania.

Na ardhi nayo, ambayo tulifundishwa kuwa ni ya wote, ikaanza kupata wenyewe. Tukaitwa mkutano kijijini. Tukaambiwa mapori yale ya mashariki, yaani mahame yetu, yataingia mikononi mwa mgeni mwenye matrekta. Mwenye makaburi huko, tukaambiwa, aje ayaonyeshe kabla ya kiangazi kwisha, yazungushiwe ua au yahamishwe, yasiyoonyeshwa yatalimwa. Hapakuwa na ukali wowote katika kusema hivyo. Aliyesema alikuwa na adabu kuliko yule wa zamani. Na ili kuwakaribisha wageni, watoto wa shule wakapangwa mistari, wakaimba. Waliimba wimbo wangu, mwanangu. Beti zote kumi na mbili, za kilimo, za umoja, za barabara.

Walipomaliza, mtoto wa marehemu Nyamisi, mtu mzima mwenye mvi, alinifuata.

“Mwalimu, wewe ndiye uliyekuwaga na daftari la Mzee Magesa. Mama alisema babu zetu wamo humo. Hebu tuangalizie.”

Daftari nilikuwa nalo. Nililitoa sandukuni, nikalishika dhidi ya jua, ukurasa baada ya ukurasa, nikitafuta mikwaruzo ya penseli chini ya maandishi yangu. Kandambili ilikuwa imefanya kazi nzuri. Pale palipokuwa na ubeti wa mama, jua lilipita kwenye tundu likaniangukia kifuani. Utaniuliza, jina tu la mahali alipolala mama yako utalisahauje? Sikulisahau. Nyamakore nilikumbuka. Baba, wale wachungaji wawili na wazee wa kikundi walikuwa wamekwisha kufa. Lakini Nyamakore ni bonde la kutembea nusu siku, na kila familia iliyowahi kupeleka ng'ombe huko ilipanda minyaa. Jina lilibaki, kilichokuwa kimefutwa ni njia.

Nikaenda Mugeta. Huko ndiko alikoolewa Nyangeta, binti wa Mzee Magesa, shangazi yangu, aliyelichukua litungu siku ya msiba akalifunga kwenye ngozi. Nilimkuta amezeeka, magoti yamekataa, amekaa jikoni, na litungu limetundikwa juu ya moto linakula moshi ili wadudu wasiliguse.

Nikapiga magoti, nikamweleza nilichofanya, chote, hadi ile kandambili.

“Najua,” akasema. “Baba alinisimulia.”

“Alisema nini juu yangu?”

“Alisema utakuja. Kila palizi likiisha alikuwa anasema, wiki hii mwalimu atakuja.” Akasogeza kuni motoni. “Nifikishie hicho chombo. Mimi sikifikii tena.”

Nilishangaa, kwa maana kwetu mwanamke hapigi litungu. Aliliweka kati ya magoti yake mabovu, akaona nilivyomtazama.

“Unakodoa nini? Mikono ya baba ilipoanza kutetemeka angemfundisha nani? Kaka zangu walikuwa wamekwenda migodini, wewe ulikuwa Bunda unafundisha watoto wa watu. Alifunga mlango, akanifundisha. Akasema, mila ikikosa mwanamume wa kuibeba, haikosi mwanamke.”

Akapiga. Pumziko la kwanza, akaliimba kwa maneno yake, kwa sauti iliyopasuka, na nikamwona tena yule mzee akisogea hatua moja mbele uwanjani Musoma. La pili alikuwa na maneno. La tatu pia. La nne, la akina Nyamisi, akapiga bila kuimba, akatingisha kichwa, akapita. Beti zenye maneno zilikuwa saba. Ni zile alizokuwa akiziimba tangu usichana wake akisaga ulezi kwenye jiwe, na jiwe lilizishindilia kichwani mwake. Tano zilizobaki alizijua kwa vidole tu. Baba yake alikuwa akimpa vyote kwa mpango, nyuzi kwanza, maneno baadaye, na baadaye hiyo ikakatizwa na kifo.

Pumziko la kumi na mbili alilipiga mara tatu, polepole, akinitazama kama baba yake alivyonitazama. Safari hii sikuinamisha macho. Nilisimama pale jikoni, nikasogea hatua moja mbele, nikainamisha kichwa, nikarudi. Nilikuwa nimechelewa kwa umri wa mtu mzima mwenye watoto.

Kwa beti saba zile, familia saba zilikwenda porini na kuyakuta makaburi yao, jiwe kwa jiwe kama wimbo ulivyosema, na yule mwenye matrekta akazungushia ua bila ubishi. Mtoto wa Nyamisi alirudi mikono mitupu. Hakunilaumu. Alisema, “Basi, mwalimu,” akaenda zake, na ningependa kama angenitukana. Mimi nilitembea Nyamakore siku tatu. Minyaa ilikuwa kila mahali, na mingi ilikuwa imepasuka. Kiangazi kiliisha, matrekta yakaingia, na sasa ukipita huko utaona alizeti nzuri sana, zote zimegeuza nyuso upande mmoja.

Sasa naishi Bweri, mahali pa nyumba mpya na bodaboda, na kila mwisho wa mwezi nakwenda Mugeta kwa shangazi. Ameshanifundisha. Vidole vyangu ni vigumu, lakini vinakwenda. Naweza kupiga beti zote kumi na mbili, saba kwa maneno na tano kwa nyuzi tupu. Naujua mlio wa kaburi la mama yangu. Nikiupiga, unapanda mahali fulani, unageuka, unashuka taratibu kama mtu anayeteremka kwenda kijitoni, kisha unasimama. Nasimama nao hapo, na sijui nimesimama wapi.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu, wala usiitafutie urembo. Mwenye nguvu akikukataza kusema jambo la kwenu, utaogopa, na woga si dhambi. Ukilazimika, mpe mdomo. Babu yangu alitoa wake. Lakini usimpe kifutio. Usishiriki kwa mkono wako mwenyewe kuwaondoa watu wako mahali walipoandikwa, hata kwa muda, hata kwa ajili ya chakula na nguo za wengine, kwa sababu dhiki hupita na nguo hurudi sokoni, na kilichofutwa hakirudi. Na ukimpata mzee aliyekificha kitu cha kwenu kwenye nyuzi, au kwenye ufinyanzi, au kwenye ususi wa kikapu, usifurahi tu kwamba kipo. Nenda ukae naye siku kumi na mbili. Uliza maneno yake. Sanaa isiyojulikana inasema nini ni nyumba iliyofungwa na ufunguo umo ndani. Wala usisubiri palizi liishe. Palizi haliishi.

Mwenyezi Mungu akupe masikio mapema kuliko alivyonipa mimi. Akupe mzee aliye hai, na miguu ya kumfikia. Ukifia mbali, asikose mmoja wa kukutungia ubeti, na asikose mwingine wa kuuimba. Na wajukuu zako watakapoitafuta njia ya kuja ulipolala, waikute yote, hadi jiwe la mwisho. Amina.